Darasa Chini ya Mlima Kenya

Mwaka 2010 mwigizaji wa Marekani, Stefanie Powers, alichapisha kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Walio wengi walimfahamu kupitia Hart to Hart, mfululizo wa televisheni ulioonyeshwa Marekani kuanzia 1979 hadi 1984, ambamo yeye na Robert Wagner waliigiza mume na mke matajiri ambao kila wiki walijikuta katikati ya kesi ya mauaji na kuitatua. Kwa msomaji wa Kayole, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, sehemu ya maisha yake inayofaa kusomwa kwa makini ni nyingine kabisa. Ni ile iliyomfikisha Nanyuki, kilomita 200 hivi kutoka Nairobi, ambako kwa zaidi ya miaka 40 jina lake limefungamana na kituo cha kuwafunza watoto wa Kenya habari za misitu na wanyamapori. Kituo hicho kilizaliwa na mahali palipoanza kama kimbilio la watu wa skrini, na hoja yangu ni kwamba kimbilio hilo lilianza kuwa na faida kwa taifa hili siku lilipoacha kuwa mahali pa mwenye jina kupumzikia, likawa mahali pa mtoto asiyejulikana kujifunzia. Mtaa kama wetu una haki ya kulipima kwa kipimo hicho. Una pia watu wa kuifanya kazi ya kufundisha wenyewe.

Mwanzo wa habari ni William Holden. Alizaliwa mwaka 1918 katika jimbo la Illinois, akapata umaarufu akiwa na miaka 21 kwa filamu ya Golden Boy, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa katika safu ya mbele ya waigizaji wa Hollywood. Tuzo ya Oscar aliipata kwa Stalag 17, na mwaka 1957 dunia nzima ikamwona katika The Bridge on the River Kwai. Baadaye televisheni nayo ikamtunza, kwa tuzo ya Emmy aliyoipata kupitia The Blue Knight miaka ya 1970. Alikuja Kenya kuwinda, kama walivyofanya matajiri wengi wa wakati ule, na mwaka 1959 yeye na wenzake wawili, mfanyabiashara wa mafuta Ray Ryan na mwenye benki wa Uswisi Carl Hirschmann, wakainunua hoteli ya Mawingo chini ya Mlima Kenya na kuigeuza Mount Kenya Safari Club. Ilikuwa klabu ya wanachama, na wanachama wenyewe walikuwa watu wa majina makubwa kutoka Ulaya na Marekani. Mstari wa ikweta unapita katika bustani zake, kilele cha mlima huonekana asubuhi kabla ya mawingu kupanda, na mtu aliyechoshwa na kamera angeweza kukaa pale wiki nzima bila kuombwa saini hata mara moja.

Mwaka huo wa 1959 una uzito ambao wasifu mwingi wa Holden huupita haraka. Kenya ilikuwa bado chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Msitu ule ule uliopamba madirisha ya klabu ulikuwa, miaka michache tu nyuma, umedondoshewa mabomu na ndege za Waingereza, kwa sababu ndani yake walikuwamo wapiganaji wa Mau Mau. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, aliongoza vikosi vya Mlima Kenya mpaka alipokamatwa mwaka 1954. Dedan Kimathi, kiongozi mwingine wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti mwaka 1957. Kwa hiyo wakati wageni walipokuwa wakijengewa mahali pa kupumzika chini ya mlima, wenyeji wengi wa mlima huo huo walikuwa wametoka vizuizini karibuni au walikuwa wamesongamanishwa katika vijiji vya lazima. Nalisema hili mapema kwa sababu hoja yangu haiwezi kusimama kwa kulificha. Klabu ile, kama ingebaki klabu tu, isingekuwa na la kutufundisha isipokuwa jinsi mali inavyoweza kununua mandhari na utulivu wa watu wengine.

Haikubaki klabu tu. Mwaka 1967 Holden alishirikiana na Julian McKeand na Don Hunt kuanzisha ranchi ya wanyamapori ubavuni mwa hoteli. Hunt mwenyewe alikuwa mtu wa televisheni: huko Detroit aliendesha kipindi cha watoto kuhusu wanyama kabla ya kuhamia Kenya. Mnyama aliyeipatia ranchi hiyo umaarufu ni bongo wa milimani. Asiyewahi kumwona amfikirie paa mkubwa mwenye ngozi ya rangi ya hudhurungi iliyoiva, amechorwa mistari myeupe myembamba kutoka mgongoni kushuka mbavuni, na pembe zilizojisokota kidogo, kwa dume na kwa jike. Huishi katika mianzi na kichaka kizito cha mlimani, mchana hujificha, na mistari yake huungana na vivuli vya mianzi hivi kwamba unaweza kumpita kwa hatua chache usimwone. Hapatikani porini popote duniani isipokuwa Kenya, katika misitu ya Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu, na waliosalia porini wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Wengi walionaswa miaka ya 1960 na 1970 walipelekwa katika bustani za wanyama za Marekani, wakazaana huko. Januari 2004 bongo 18 wa ukoo huo walirudishwa kwa ndege hadi Mlima Kenya, na Februari 2025 wengine 17 wakaletwa kutoka Florida kwenda Meru. Yaani tulifikia mahali pa kumpokea uwanja wa ndege mnyama ambaye kwao ni hapa.

Holden hakuyaona hayo. Novemba 1981 alianguka katika nyumba yake huko Santa Monica, akafariki akiwa peke yake, na miaka ya mwisho ya maisha yake ilikuwa imegubikwa na ulevi uliomshinda. Nayataja kwa heshima, kwa sababu yanagusa kiini cha suala lenyewe. Mtu aliyekuwa na mahali pazuri kuliko pote pa kukimbilia hakuponywa na kukimbia. Mlima, hewa safi, wanyama na ukimya vilikuwapo. Alipokuwa huko, waliomjua husema, alikuwa mtu mwingine. Lakini kimbilio lina mlango wa kutokea, na anayetoka hurudi kwa yale aliyoyaacha. Hoteli yenyewe ilikuwa imeanza kupita mikononi mwa matajiri wengine, akiwemo Adnan Khashoggi wa Saudi Arabia, na baadaye makampuni ya hoteli ya kimataifa. Kama mali, ilikwenda njia ya mali zote. Kilichobaki na jina la Holden ni kazi ambayo hakuwahi kuianza kwa mikono yake.

Kazi hiyo ilianzishwa na Powers, aliyekuwa mwenzi wake kwa miaka mingi, pamoja na marafiki wengine, mwaka 1982, kwa kuunda Wakfu wa William Holden wa Wanyamapori, kisha kujenga kituo cha elimu karibu na ranchi. Wenyewe huhesabu wanafunzi wanaofikiwa kwa mwaka kuwa zaidi ya 10,000, wa shule za karibu na za mbali. Namna kituo kinavyofundisha inanivutia kuliko hesabu hiyo. Mtoto haambiwi tu kwamba msitu ni mzuri na ndovu ni hazina ya taifa. Huonyeshwa kitu cha kutumia badala ya kuni. Gesi ya samadi ni mfano mmoja. Kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na maji kwa kipimo kinachokaribiana, humiminwa katika tangi lililofunikwa lisiingize hewa, na baada ya siku kadhaa vijidudu vilivyomo huanza kutoa gesi inayopanda juu na kupita kwenye bomba hadi jikoni. Moto wake ni wa buluu, hauna moshi, na mabaki yanayotoka upande wa pili ni mbolea ya shambani. Mwanafunzi anayeliona jiko hilo likichemsha sufuria ya chai ameelewa uhifadhi bila kuhubiriwa. Ameelewa kwamba mti hukatwa kwa sababu mama anahitaji kupika, na kwamba anayetaka mti usikatwe sharti aanzie jikoni.

Mwaka 1982 unastahili kuangaliwa mara ya pili. Hart to Hart ilikuwa bado hewani, na ingeendelea miaka miwili zaidi. Powers hakungoja uso wake usahaulike ndipo atafute la kufanya. Aliitumia sauti yake wakati simu yake ilikuwa bado ikipokelewa na wenye fedha. Umaarufu wa televisheni ni mtaji unaopungua kila siku tangu kipindi kinapokatwa, na asiyeuwekeza mapema atakuta umekwisha. Sisi tunalijua hili kwa uchungu. Benson Wanjau, Mzee Ojwang wetu, alituchekesha kwa miongo katika Vitimbi, tangu enzi za kituo cha Sauti ya Kenya, pamoja na Mary Khavere tuliyemwita Mama Kayai. Watoto wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa jiji, walimwiga mpaka mikunjo ya sauti yake. Lakini macho yalipomsumbua uzeeni ilibidi Wakenya wamchangie fedha za matibabu, na alipofariki Julai 2015 taifa lilimlilia kama mzazi. Mapenzi yalikuwa mengi mno. Hapakuwa na mfereji wa kuyageuza kuwa bima ya afya, au shule ya uigizaji, au kituo chenye jina lake ambacho watoto wangeendelea kukiendea.

Hapa mtu atanipinga, na ana haki. Atasema: usilinganishe mwigizaji wa Hollywood anayelipwa kwa dola na mwigizaji wa Nairobi anayelipwa baada ya miezi mitatu, akilipwa. Tofauti hiyo ni kweli, na ni dhuluma inayohitaji mikataba yenye nguvu, mirabaha inayofika kwa wenyewe na vyama vya waigizaji visivyoogopa. Hata hivyo, kituo cha Nanyuki hakikujengwa kwa mshahara wa Powers pekee. Wakfu huchangisha, hushirikisha watu, huomba. Alichotoa yeye kwanza ni jina na muda, na muda huo ameutoa kwa miongo bila kuchoka. Mwigizaji wa Kenya ana jina pia, na mara nyingi lina joto zaidi mioyoni mwa watu wa Kayole kuliko jina lolote la ng'ambo. Asichokuwa nacho ni taasisi ya kulipokea jina hilo na kulifanyia kazi kabla halijapoa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kwa nini watoto wetu wafundishwe kuhusu msitu wao na wakfu uliobeba jina la Mmarekani aliyekuja kuwinda? John Mbaria na Mordecai Ogada, katika kitabu chao cha mwaka 2016 kuhusu uongo katika uhifadhi, walionyesha jinsi simulizi za wanyamapori wa Kenya zinavyopenda kumweka mgeni mweupe katikati kama mwokozi na kumwacha Mwafrika pembeni kama jangili au mlinzi wa lango. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ardhi ya chini ya Mlima Kenya ina historia ambayo bango la kituo cha elimu haliwezi kuifuta, na mtoto anayepelekwa kumwona bongo anapaswa kuambiwa pia habari za Jenerali China na wenzake waliolala katika mianzi ile ile. Tena si kweli kwamba wazo la kuwafunza vijana uhifadhi tuliletewa mwaka 1982. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa Kenya wenyewe, vikawa vya kwanza vya aina yake barani, na Wangari Maathai alikuwa ameanza kupanda miti na akina mama tangu 1977. Lakini kutokana na hayo yote sifikii hukumu ya kukifunga kituo. Nafikia dai la kwamba kiwe chetu zaidi: walimu wake, mtaala wake, bodi yake, na simulizi inayosimuliwa kwa watoto siku ya kwanza wanapokaa chini. Kumwachia mgeni uwanja huo kwa hasira kungemwongezea umiliki ule ule tunaoulalamikia.

Linabaki pingamizi la jirani, ambalo halihitaji kitabu. Kayole ina shida zake. Majengo ya ghorofa yamebanana mpaka jua linafika ghorofa ya chini saa sita tu. Familia inaishi chumba kimoja, choo ni cha wapangaji wote wa ghorofa. Kodi inangojewa tarehe tano. Mvua ikinyesha, maji taka ya Soweto ya hapa Kayole yanajua njia ya kuingia ndani. Nani ana nafasi ya kufikiria paa wa milimani? Jibu langu liko kwenye mtungi wa lita 20. Mfereji unapokauka wiki nzima na wauza maji wakaanza kupita na mikokoteni, bei ikipanda kila asubuhi, chanzo cha taabu hiyo kiko katika mabomba yaliyochakaa na ugavi usio wa haki, lakini kiko pia mbali zaidi. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kwenye Mto Thika, na mto huo huanzia Aberdare, katika msitu ule ule anamoishi bongo. Mianzi inayomficha bongo ndiyo inayoshika ukungu na mvua na kuvipeleka mtoni polepole. Stima nayo ni hivyo hivyo: Mto Tana hupokea maji ya Aberdare na Mlima Kenya, kisha hupitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Taa ya chumba kimoja pale Matopeni, na hata televisheni inayotuonyesha waigizaji wetu, ina deni kwa mlima ambao watoto wengi wa mtaa huu hawajawahi kuuona. Mtoto wa Kayole ana haja ya kuuelewa msitu kuliko mgeni wa hoteli, kwa kuwa mgeni akikosa maji hapa atapanda ndege.

Tena pori halianzii kilomita 200. Kayole imekaa kati ya mito miwili, Nairobi upande wa kaskazini na Ngong upande wa kusini, ambayo huungana huko mashariki. Yote miwili inapita hapa ikiwa imebeba uchafu wa jiji zima. Upande wa pili wa jiji kuna mbuga ya taifa iliyotangazwa mwaka 1946, yenye simba na vifaru, na kuna wazee wa Eastlands ambao hawajawahi kuingia humo maisha yao yote. Kituo cha Nanyuki kinafaa kama kielelezo, lakini si lazima kila darasa la porini lijengwe chini ya mlima. Linaweza kuanzia ukingoni mwa Mto Ngong, kwa mwalimu na wanafunzi 30 wanaotazama kile kinachoelea, wakauliza kinatoka kiwanda gani, na baada ya wiki chache wakapelekwa kuuona mto ukiwa mdogo na safi zaidi huko unakoanzia.

Na ni hapa ambapo waigizaji wanarudi kwenye hoja. Eastlands imejaa vikundi vya vijana wanaoishi kwa kuigiza mashuleni tamthilia za seti, yaani zile zinazotahiniwa. Huwaona wakiwa na mavazi ya jukwaani kwenye mifuko ya sandarusi, mmoja akicheza nafasi tatu, wakitoka shule ya Njiru asubuhi kwenda ya Embakasi mchana. Hawa wana ustadi ambao mtaalamu wa misitu mara nyingi hana: wanajua kushika usikivu wa watoto 600 katika ukumbi usio na kipaza sauti. Powers, kabla ya kuwa mhifadhi, alikuwa mtu wa aina hiyo, aliyefunzwa kusimama mbele za watu na kuwafanya waamini. Kikundi kimoja kikiandika mchezo wa saa moja kuhusu safari ya maji kutoka Aberdare hadi mtungi wa Kayole, kikauonyesha katika shule zile zile zinazokikaribisha kwa tamthilia za mtihani, kitakuwa kimefanya kazi ya kituo cha elimu bila kununua hata ekari moja.

Nauli ndiyo huua mipango ya namna hii, na silipuuzi hilo. Ziara ya shule kwenda Nanyuki au hata kuingia mbuga ya Nairobi huombewa pesa na mzazi ambaye tayari anadaiwa, na wanaobaki darasani siku ya ziara ni wale wale kila mwaka. Kwa hiyo dai la kwanza la wazazi wa Kayole kwa kila hoteli, ranchi, mbuga na wakfu unaojitangaza kwa jina la uhifadhi wa Kenya ni jepesi kulitimiza: utoe hadharani, kila mwaka, idadi ya wanafunzi wa shule za umma za Eastlands waliopita langoni bila kulipa, na nafasi ngapi zimetengwa kwa mwaka unaofuata. Takwimu hizo zikiwa mezani, bodi ya shule itaandika barua ya maombi ikijua inaomba nini, kikundi cha waigizaji kitajua wapi pa kupeleka mchezo wake kwanza, na basi la shule lililoegeshwa wikendi nzima litapata safari.